Deki na Spika Zisifungishwe Ndoa

Ukisomea kompyuta chuo kikuu, watu wa nyumbani wanakuhesabu kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Siku nzima niko mbele ya tarakilishi nikihangaika na hifadhidata za watu wengine, lakini hilo halimzuii shangazi kunipigia simu kuuliza kwa nini friji yake inavuja maji. Na swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa Desemba inapokaribia na watu wamegawana pesa za chama, ni hili: "Nina pesa kidogo, nataka hom thieta, ninunue deki gani?"

Haya basi, nimeamua kulijibu mara moja kwa urefu. Jibu langu ni kwamba usinunue ile seti ya boksi moja ambayo deki na spika zimekuja pamoja. Nunua deki peke yake, iwe ya Blu-ray, hata ikiwa mtumba, na uitumie pesa kidogo iwezekanavyo. Zinazobaki zipeleke kwenye amplifaya na spika. Ukitaka kipimo, katika kila shilingi 10 ulizonazo, deki isile zaidi ya 2.

Najua jibu hili halipendwi. Ile seti inavutia macho. Pita Luthuli Avenue utaiona imepangwa mbele ya duka: spika nne ndefu zimesimama kama askari wa gwaride, moja ndogo katikati, wufa pembeni, na deki yenyewe inang'aa taa za buluu. Muuzaji ameweka filamu ya magari yanayolipuka. Mfuko unajifungua wenyewe! Lakini tuifungue hiyo seti tuone kilichomo, kwa sababu mtu haruhusiwi kununua mbuzi kwenye gunia halafu alalamike akikuta paka.

Ndani ya seti ya namna hiyo, deki ndiyo amplifaya. Motor inayozungusha diski, leza inayosoma, na nguvu inayosukuma spika zote sita viko kwenye kisanduku kimoja. Sisi waandika programu tuna somo ambalo tunafundishwa mapema na wengine tunalielewa baada ya kulia: usiunganishe sehemu mbili kiasi kwamba huwezi kubadilisha moja bila kuvunja nyingine. Hasa usiunganishe kinachochakaa haraka na kinachodumu. Leza huchoka. Trei hukwama. Motor huanza kukoroma. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri, kwa upande mwingine, inaweza kufanya kazi miaka 20, na spika zikitunzwa zinaweza kukuzidi wewe umri. Sasa mtu amechukua mgonjwa na mzima akawalaza kitanda kimoja, mgonjwa akifa wote wawili wanazikwa.

Nilikuwa na jirani Kahawa West, mwalimu wa shule ya msingi, aliyenunua seti kama hiyo ya kampuni ambayo sitaitaja. Baada ya kama miaka mitatu leza ikagoma. Mwanzo ilikataa diski zenye mikwaruzo, halafu ikakataa diski zote, mwishowe kile kisanduku kikawa kinawaka na kuganda kikitafuta diski, bila kukubali amri nyingine yoyote. Spika zake zilikuwa nzima kabisa. Akanunua amplifaya ya mtumba ili azitumie, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Plagi za spika zile zilikuwa na umbo ambalo halipatikani kwingine. Tukakata waya. Nyuma ya spika pameandikwa ohm 3, na amplifaya imeandikwa 6 hadi 8. Ohm zikipungua, amplifaya inalazimika kutoa mkondo mwingi zaidi wa umeme, inapata joto, na isipojizima inaungua. Wufa nayo haikuwa na amplifaya yake ndani, ilitegemea kile kisanduku kilichokufa. Spika mbili ndefu aliishia kuziwekea vyungu vya maua juu. Kusema kweli zilipendeza.

Kuna ubaya mwingine ambao watu wengi waliugundua mwaka 2015 Kenya ilipozima matangazo ya analogi na kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Seti nyingi za wakati ule zilikuwa na soketi moja tu ya HDMI, na ilikuwa ya kutoka kwenda kwenye runinga. Hakuna ya kuingia. Mtu ana spika sita sebuleni lakini taarifa ya habari anaisikia kupitia vispika vya runinga, au anaunganisha king'amuzi kwa waya mwekundu na mweupe na kupata sauti ya pande mbili pekee.

Kama tayari unayo seti hiyo nyumbani, usiitupe. Itazame nyuma. Ikiwa ina soketi ya AUX au ya mwanga, ile inayoitwa optiko, itumie kama amplifaya na ununue deki nyingine pembeni. Ninachopinga ni kutoa pesa mpya kwa kosa la zamani.

Sasa kuna wale watakaocheka: deki, zama hizi? Si kila kitu kiko mtandaoni? Swali ni la haki na linahitaji hesabu.

Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ili utazame filamu kwa picha ya 1080. Blu-ray inaruhusu picha peke yake kufika megabiti 40 kwa sekunde. Si kila wakati inafika huko, basi tuseme wastani ni 25 pamoja na sauti. Filamu ya saa mbili ni sekunde 7,200. Kwa megabiti 5 unapata gigabaiti 4.5. Kwa 25 unapata gigabaiti 22.5. Njia za kisasa za kubana picha ni hodari kuliko zile za diski, kwa hiyo usidhani moja ni bora mara tano kuliko nyingine, lakini kwenye matukio ya giza, moshi na mvua utaona tofauti, na kwenye sauti utaisikia hata kama hujui unachosikiliza. Halafu zile gigabaiti 4.5 kila ukitazama upya zinatoka kwenye bando lako. Aliye na faiba nyumbani hajali. Aliye Mwingi au Homa Bay akitegemea simu anajali sana, na diski haimwambii kwamba bando limekwisha shujaa akiwa ameninginia kwenye jabali.

Na kuna suala la mali. Desemba 2023 Sony waliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokuwa *wamevinunua* vingeondolewa kwenye maktaba zao tarehe 31 ya mwezi huo, kwa sababu ya mikataba. Watu wakapiga kelele na uamuzi ukabatilishwa kabla ya siku kufika. Lakini tulijifunza kitu pale: kitufe kilichoandikwa "nunua" kilikuwa na maana ya "kaa nacho mpaka tutakapoamua". Diski iliyo kwenye kabati yako hakuna mkataba wa California unaoweza kuja kuichukua. Unaweza kumwazima shemeji, unaweza kuiuza, watoto wanaweza kuirithi.

Tatizo ni kwamba kampuni zenyewe zinaondoka sokoni. Oppo, waliokuwa wakitengeneza deki zilizosifiwa kuliko zote, waliacha mwaka 2018. Samsung wakaacha kuleta deki mpya Marekani mwaka 2019. LG wakafuata mwishoni mwa 2024. Ndiyo maana mtumba una maana zaidi sasa: kuna deki nyingi nzuri ambazo wenyewe wa Uingereza na Dubai wamezitoa sebuleni, na zinafika hapa kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita ingekuwa ndoto.

Tuje kwenye kwa nini deki iwe ya bei ya chini, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanatudanganya zaidi. Muuzaji atakuambia deki hii ghali inatoa "picha nzito". Diski ni namba tu, msomaji wangu. Zimo sifuri na moja. Tena namba hizo zimeandikwa pamoja na namba za ziada za kusahihisha makosa, kwa hesabu inayoitwa Reed-Solomon, ambayo ilibuniwa mwaka 1960 na imetumika kuanzia CD hadi Blu-ray. Kukiwa na vumbi au mkwaruzo mdogo, hesabu hiyo inarudisha namba zilizopotea, zile zile, si zinazofanana nazo. Mkwaruzo ukizidi uwezo wake, utaona vipande vya mraba au picha itaganda. Hakuna hali ya katikati ambapo rangi inakuwa nyepesi kidogo kwa sababu deki ni ya bei nafuu. Namba zikifika salama zinafunguliwa kwa kanuni moja na kupita kwenye HDMI hadi kwenye runinga, na runinga ndiyo inayochora picha. Deki ya bei ya chini ikipeleka namba zile zile, picha ni ile ile.

Deki ghali ina vitu vyake, sikatai. Inafungua diski haraka, ina mfuniko mzito usiotetemeka, haina kelele, na ukitumia waya za analogi ina sehemu bora ya kugeuza namba kuwa sauti. Kwa mtu mwenye pesa ya kuhesabu, hayo yote yanaweza kungoja. (Kama unashangaa kwa nini baadhi ya diski za Blu-ray huchukua muda kufunguka: menyu zake nyingi ni programu za Java. Naam, Java ile ile tuliyofanyia mitihani! Deki yako inawasha kompyuta nzima ndogo ili ikuonyeshe kitufe cha kucheza.)

Lakini kwa nini Blu-ray na si DVD? Deki ya DVD mpya ni rahisi, na boksi lake mara nyingi limeandikwa HDMI 1080 kwa herufi kubwa. Hiyo 1080 haitoki kwenye diski. DVD ya mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600. Gawanya: ni mara tano kamili. Deki ya DVD inazivuta pikseli chache hizo zijaze kioo, kazi ambayo runinga yako ingefanya yenyewe, kwa sababu haiwezi kuacha sehemu ya kioo wazi. Kwa hiyo maneno yale kwenye boksi yanakuuzia kitu ambacho tayari unacho. Na deki ya Blu-ray inacheza DVD na CD zako zote za zamani, ilhali deki ya DVD haiwezi kabisa kusoma Blu-ray. Leza yake ni nyekundu, ya nanomita 650, na vishimo vya Blu-ray vinahitaji ile ya zambarau ya nanomita 405. Hakuna programu itakayobadilisha hilo.

Deki za 4K ziache kwanza, isipokuwa runinga yako ni kubwa na ya 4K ya kweli na umeshanunua spika. Zinavutia, na diski zake hazina kufuli za maeneo, lakini diski zenyewe bado ni ghali na hapa nyumbani ni adimu.

Tahadhari moja kwa mwenye runinga ya zamani, ile nene yenye kisogo. Usinunue deki mpya ya Blu-ray ukitegemea ule waya wa manjano. Kanuni za ulinzi wa Blu-ray zilipiga marufuku njia zote za analogi za picha kwenye deki zilizotengenezwa baada ya mwisho wa 2013. Deki mpya ina HDMI tu. Ukiwa na runinga hiyo, tafuta deki ya Blu-ray ya kabla ya hapo, au baki na DVD mpaka ubadilishe runinga. Huyo ndiye mtu pekee ninayemshauri DVD.

Mtumba sasa. Hapa usikurupuke, kwa sababu asili ya deki ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Dunia imegawanywa kwa kufuli. Kwa DVD, Kenya iko eneo la 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India. Uingereza na Dubai ziko eneo la 2. Marekani ni 1. Kwa Blu-ray mgawanyo ni tofauti: sisi, Ulaya na Mashariki ya Kati tuko eneo B, Marekani ni A, India ni C. Maana yake ni kwamba deki ya mtumba kutoka Uingereza au Dubai inapatana nasi kabisa kwa Blu-ray, na diski za Blu-ray za mtumba kutoka Uingereza zitacheza. Kwa DVD italeta ubishi kwenye diski zilizofungwa kwa eneo la 5, lakini deki nyingi za bei ya chini zinaweza kufunguliwa upande wa DVD kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti. Muulize muuzaji akufungulie hapo hapo, si kesho. Diski nyingi za filamu za Kihindi hazina kufuli, kwa hiyo wapenzi wa Bollywood wasiwe na wasiwasi.

Deki ya binamu aliye Marekani ndiyo ya kuogopa. Eneo A na 1, sawa, lakini tatizo kubwa zaidi ni stima. Kule ni volti 120, hapa ni 240. Vifaa vingine huandikwa nyuma 100-240V na hivyo havina shida. Ukiona 120V peke yake, ukichomeka ukutani kitatoa moshi, na itakuwa sinema fupi sana. Kuna transfoma za kupunguza volti, ila ukijumlisha bei yake umeshapoteza nafuu yote ya zawadi. Mwambie binamu akutumie diski za 4K badala yake, hizo hazina kufuli... utani tu, nilishasema 4K ingoje.

Neno "smati" kwenye deki ya zamani usililipie hata shilingi. Deki za mwaka 2012 zilikuja na vitufe vya huduma za filamu mtandaoni, na programu hizo nyingi hazifanyi kazi tena. Hata runinga na vifaa vinavyojulikana vilipoteza Netflix mwaka 2019 kwa sababu vilikuwa vya zamani. Programu huzeeka kabla ya chuma, nami nasema hivyo nikiwa mmoja wa wanaozizeesha. Intaneti ya deki ina faida moja tu kwako, nayo ni kupata toleo jipya la programu yake ya ndani. Diski za Blu-ray zimefungwa kwa funguo za siri zinazobadilishwa kila baada ya muda, na deki ambayo haijasasishwa inaweza kukataa filamu mpya kana kwamba ni mbovu. Kabla ya kulipa, andika namba ya modeli kwenye simu yako utazame kama kampuni bado imeweka faili la kusasisha kwenye tovuti yake. Unalipakua, unaliweka kwenye flashi, unaichomeka. Dakika kumi.

Wengine huniuliza kuhusu mashine za michezo. PS3 ilipotoka mwaka 2006 ilikuwa mojawapo ya deki bora za Blu-ray, na mpaka leo ya mtumba inafanya kazi vizuri. PS4 inacheza Blu-ray na DVD, lakini haichezi CD za muziki wala diski za 4K, hata ile ya Pro. Xbox One S ya 2016 inacheza mpaka 4K, ila inabidi upakue programu ya Blu-ray kwanza. Kwa nyumba yenye vijana ni ununuzi wa akili. Kwa mama anayetaka kubonyeza kitufe kimoja, hapana. PS3 na PS4 hazipokei rimoti za kawaida za mwanga, unatumia kidude cha mchezo, na mama atakurudishia mashine hiyo kabla ya wiki kuisha. Zile PS3 nene za kwanza pia zinakula stima kuliko deki ya kawaida, na kwa mita ya tokeni utaliona hilo.

Sauti sasa, ambako nimesema pesa ziende. Kitu cha kutafuta ni risiva ya mtumba yenye HDMI za kuingia, na spika mbili nzuri. Mbili! Usione haya. Spika mbili zilizopangwa vizuri huku umekaa katikati yake zinaweza kuweka sauti ya mzungumzaji katikati ya kioo kana kwamba kuna ya tatu, na nyingine utaongeza mwaka ujao na wa baada yake, moja moja, kwa sababu hakuna kitu kilichofungishwa ndoa. Spika tano hafifu zitabaki tano hafifu milele.

Deki iingie kwenye risiva kwa HDMI, halafu risiva ipeleke picha kwenye runinga. Watu wengi hufanya kinyume, deki kwenye runinga halafu waya wa mwanga kutoka runinga kwenda kwenye spika, na runinga nyingi za zamani zikipokea sauti ya njia 5.1 kupitia HDMI huipunguza kuwa ya pande mbili kabla ya kuitoa. Unakaa na spika sita, mbili zinafanya kazi, unalaumu deki. Ikiwa risiva yako haina HDMI, toa waya wa mwanga kwenye deki yenyewe. Utapata Dolby Digital na DTS za kawaida, utakosa zile zinazobanwa bila kupoteza chochote kama TrueHD na DTS-HD Master Audio, kwa kuwa waya wa mwanga haukuundwa kuzibeba. Si msiba. Ila hakikisha deki ya mtumba ina hiyo soketi ya mwanga, kwa sababu nyingi za bei ya chini ziliondolewa, na hili ndilo jambo ambalo ningelichunguza kabla ya kitu kingine chochote nyuma ya deki.

Na ukiona wufa imeandikwa wati 10,000 PMPO, igeuze usome kibandiko cha nyuma kinachosema inatumia wati ngapi za stima. Utakuta 60 au 80. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu kuliko inayoingia, hata ikiwa imechorwa simba mbele.

Siku ya kununua, nenda na diski zako. Zile za muuzaji ni safi, zimechaguliwa, zinacheza hata kwenye deki mahututi. Beba CD ya muziki yenye mikwaruzo, kwa sababu CD husomwa na leza tofauti na inaweza kuwa imekufa peke yake. Beba DVD ya filamu ndefu ya kiwandani, yenye tabaka mbili, uirushe mpaka katikati uone kama deki inavuka kutoka tabaka moja kwenda jingine bila kuganda. Beba Blu-ray moja. Na beba DVD ya kuchomwa kwa tarakilishi, ile ya arusi au mazishi ya babu, kwa sababu hizo hurudisha mwanga kidogo kuliko za kiwandani na ndizo leza iliyochoka hushindwa kusoma kwanza. Kama una VCD za filamu za Riverwood, beba moja pia. Si kila deki ya Blu-ray inazisoma. Funga na ufungue trei mara kumi. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili, mtaa una mengi.

Zile diski za mtaani zenye filamu kumi na mbili usizitumie kupimia picha. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7, gawanya kwa kumi na mbili, kila filamu imepata chini ya megabaiti 400. Hakuna deki duniani, ya shilingi elfu tatu au laki tatu, inayoweza kurudisha kilichotupwa.

Diski ya arusi ikikwama, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Data imeandikwa kwa kuzunguka. Mkwaruzo unaokata njia unagusa namba chache tu kwenye kila mzunguko na ile hesabu ya Reed-Solomon inazirudisha, lakini mkwaruzo unaofuata njia unafuta maelfu ya namba zilizofuatana. Ikisoma tu, hata mara moja, iweke kwenye tarakilishi uinakili nzima kwenye hadi diski siku hiyo hiyo, kabla ya kuirudisha kwenye kabati.